Parafujo Tatu, Parafujo Moja na Milimita 25

Katika baraza moja ya kahawa kule Tandika, nyuma ya soko, mahali ambapo wazee hukutana baada ya sala ya alasiri ili kupoza joto la mchana kwa maneno, nilikuta siku moja mjadala ambao sikuutarajia. Wazee wawili, mmoja seremala aliyestaafu na mwingine dereva wa malori ya barabara ya Kilwa, kila mmoja gongo lake limeegemezwa ukutani, walikuwa wakishindana juu ya nani kati yao amefungwa chuma kilicho bora. Seremala alikuwa na parafujo tatu nyembamba, au skrubu kama vijana wasemavyo, ndani ya nyonga yake. Dereva alikuwa na parafujo moja nene iliyoshikana na bamba refu ubavuni mwa paja.

“Tatu ni tatu, sheikh,” alisema seremala. “Mimi sijapata kuona mlango ukakaa kwa parafujo moja.”

“Na mimi sijapata kuona lori likivutwa kwa kamba tatu za katani,” alijibu dereva. “Huvutwa kwa mnyororo mmoja, ukiwa mnyororo wa haja.”

Muuza kahawa, ambaye nyonga zake zote mbili ni nzima, akawakumbusha kwamba kahawa inapoa.

Nilicheka pamoja nao, na picha zao za eksirei nikazitoa katika bahasha za kaki nikazitazama kwa zamu, nimezinyanyua kuelekea jua lililokuwa likipenya baina ya mabati mawili. Walakini niliporejea nyumbani nikatambua kwamba mabishano yale hayakuwa upuuzi hata kidogo, maana ndiyo yale yale ambayo matabibu wa mifupa wa Ulaya, Marekani na Bara Hindi wamebishana kwa miaka mingi katika vikao vyao vya heshima, na kwamba jawabu lililopatikana huko halijawafikia sawasawa watu wa Temeke na Kinondoni, ambao ndio wanaowapakia wazee wao katika bajaji na kirikuu, godoro likiwa chini na khanga juu, kuwapeleka hospitalini.

Insafu yataka nieleze kwanza kinachovunjika. Fupa la paja, ambalo ni kubwa kuliko mifupa yote ya mwili, huishia juu kwa kichwa cha duara kinachoingia katika kikombe cha nyonga. Baina ya kichwa hicho na mwili wa fupa ipo shingo fupi iliyokaa mshazari, na chini ya shingo vipo vinundu viwili ambavyo misuli hujishikiza. Bibi anapoteleza bafuni juu ya saruji yenye povu, au kijana anaporushwa na bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu, hukatika ama shingo ama sehemu ya vinundu, na sisi huita yote kwa jina moja la kuvunjika nyonga, ilhali mivunjiko hiyo ina tabia mbalimbali kama watoto wa baba mmoja na mama wawili. Sehemu ya vinundu ina damu tele, nayo huunga hata ikiachwa, ingawa mguu hufupika na kupinda. Shingo ina damu haba, kwa kuwa mishipa midogo inayokilisha kichwa hupanda ikiambaa na shingo hiyo hiyo, na shingo ikikatika aghalabu mishipa nayo hukatika, kichwa kikafa polepole ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Fauka ya hayo, shingo imo ndani ya mfuko wa kiungo, inaogelea katika majimaji yake, wala haina ule utando wa nje unaozalisha mfupa mpya; na hii ndiyo sababu waunga mifupa wetu wa jadi, ambao sina haja ya kuwadharau kwani magango yao yamenyoosha mikono na miundi ya watu wengi, hushindwa hapa, si kwa upungufu wa hekima bali kwa maumbile ya mahali penyewe.

Kwa hiyo wale wazee wangu wa Tandika, pamoja na ufasaha wao wote, walikuwa wakilinganisha vitu visivyolingana: seremala alivunjika shingo, dereva alivunjika vinundu, na kila mmoja alipewa chuma kilichofaa mahali pake. Ubishi halali upo kwenye shingo peke yake, kwa kuwa hapo njia zote mbili hutumika, na hapo ndipo wataalamu walipogawanyika.

Ulaya na Marekani nazo zilishindwa kwa muda mrefu. Mgonjwa alilazwa, mguu ukavutwa kwa uzito, mgongo ukafanya vidonda, pafu likajaa, akazikwa. Mwaka 1925 tabibu wa Boston, Marius Smith-Petersen, alianza kupigilia ndani ya shingo ya paja msumari wenye mbawa tatu, na mwaka 1931 akautangaza ulimwenguni. Lakini kwa rai yangu ajabu kubwa zaidi ililetwa na Msweden Sven Johansson mwaka 1932, naye hakuleta chuma kipya, alileta tundu: aliutoboa msumari ule katikati kwa urefu wake, ili tabibu atangulize kwanza waya mwembamba, aupige picha, aone umekwenda wapi, aurekebishe ikiwa umekosea, ndipo msumari upite juu ya waya kama shanga ipitavyo katika uzi. Kabla ya tundu hilo mtu alikuwa akipigilia kwa kukisia. 

Njia ya parafujo tatu ndiyo mrithi wa waya ule. Hupasuliwa kidogo tu ubavuni, hupitishwa waya tatu chini ya mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, ile yenye mkono uliopinda kumzunguka mgonjwa, kisha juu ya kila waya huingizwa parafujo yenye tundu. Kuzipanga ndiko kwenye elimu. Aghalabu hukaa mithili ya pembetatu iliyopinduliwa, ncha yake ikiwa chini: moja huegemea ukuta mgumu wa chini wa shingo, ya pili huegemea ukuta wa nyuma, ya tatu hukaa juu na mbele, nazo hutakiwa ziende sambamba ili shingo iweze kujikaza mgonjwa anapoanza kukanyaga, na ziachane vya kutosha, kwani zikisongamana katikati zinakuwa sawasawa na parafujo moja iliyogharimu bei ya tatu. Meno ya kila parafujo hayana budi yavuke yote ule mstari wa mvunjiko, maana yakibaki nusu huku na nusu huko huziachanisha pande mbili badala ya kuzivuta pamoja, jambo ambalo fundi yeyote wa makabati pale Keko atalieleza bila kufungua kitabu. Wala tundu la kuingilia lisiwe chini kupita usawa wa kile kinundu kidogo, ambapo mfupa hubeba mzigo mkubwa. Likitobolewa hapo, mgonjwa aliyekuja na mvunjiko mmoja huenda akarudi na wa pili.

Njia ya parafujo moja ina busara nyingine. Parafujo nene huingia katikati ya kichwa, mkia wake ukiteleza ndani ya bomba fupi lililoungana na bamba, na bamba hufungwa ubavuni mwa fupa; basi kila mgonjwa akanyagapo, parafujo hurudi nyuma kidogo ndani ya bomba lake, mfupa ukagusana na mfupa. Jeraha lake ni kubwa zaidi, lakini pembe ya chuma haibadiliki, na kwa mvunjiko uliosimama wima, ule ambao Friedrich Pauwels wa Ujerumani alieleza mwaka 1935 kwamba kadiri mstari unavyozidi kusimama ndivyo pande mbili zinavyozidi kuteleza, wapasuaji wengi huiamini njia hii kuliko ya kwanza. Vijana wetu wa bodaboda aghalabu huvunjika hivyo. Yupo pia Mbulgaria, Orlin Filipov, ambaye alizichukua parafujo tatu zile zile akazipanga katika tabaka mbili, zisiende sambamba zote, ili ya chini ikanyage ukuta wa mfupa mahali pawili. Njia yake ina wafuasi, nami naitaja ili ijulikane kwamba hata hao waliokubaliana juu ya idadi hawajakubaliana juu ya mpango.

Mwaka 2017 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya jaribio kubwa lililopewa jina la FAITH. Wagonjwa 1,108 wa miaka 50 na kuendelea, wote wamevunjika shingo ya paja, katika hospitali 81 za nchi 8, waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawa wakapewa parafujo kadhaa, wale wakapewa parafujo moja yenye bamba, wakafuatwa kwa miezi 24. Waliolazimika kurudi tena kwenye kisu walikuwa asilimia 22 upande wa parafujo kadhaa na asilimia 20 upande wa parafujo moja, tofauti ambayo mwanahesabu hakubali kuiita tofauti. Wavutaji wa sigara na wale ambao mifupa yao ilikuwa imehama walionekana kunufaika zaidi na parafujo moja. Kwa upande wa pili, kichwa kilikufa kwa asilimia 9 ya waliopewa parafujo moja na asilimia 5 ya waliopewa parafujo kadhaa. Nchi zile 8 zilikuwa za Marekani ya Kaskazini, Ulaya, Australia na Bara Hindi. Afrika haikuwamo, na vijana wa chini ya miaka 50 hawakuwamo.

Wengi husoma matokeo hayo wakasema, basi, sare. Mimi nasema kilicho kikubwa humo si sare, bali ni yule mmoja katika kila watano aliyerudi kwenye kisu, awe amefungwa chuma hiki au kile, katika hospitali zenye kila kitu ambacho sisi hatuna. Ikiwa kuchagua chuma hakukumwokoa mtu huyo, haina maana kuendelea kubishana juu ya idadi kama tulivyobishana kule Tandika. Tutafute jambo jingine lililo ndani ya uwezo wa mkono wa tabibu.

Nalo lipo, na lilionekana wazi katika ule mvunjiko mwingine, wa vinundu. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner wa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na wenzake walizipitia picha za mivunjiko 198 iliyofungwa kwa parafujo moja, wakauliza swali la kiseremala kabisa: ncha imekaa wapi? Walipima katika picha ya mbele umbali kutoka ncha ya parafujo hadi kilele cha kichwa cha paja, wakapima umbali huo huo katika picha ya ubavu, wakajumlisha. Na kwa kuwa picha hukuza vitu, walirekebisha hesabu kwa unene wa parafujo yenyewe, ambao kiwanda kimekwisha kuutaja. Parafujo 16 zilikuwa zimepasua kichwa zikatokeza nje. Katika hizo jumla ilikuwa wastani wa milimita 38. Katika zilizodumu, wastani wa milimita 24. Na parafujo 120 ambazo jumla yake haikuzidi milimita 25, haikutoka hata moja.

Miaka miwili baadaye, yaani 1997, Baumgaertner akatoa taarifa ya pili, ambayo mimi huiona ni nzito kuliko ya kwanza. Wapasuaji walikuwa wamekwisha kukijua kipimo hicho. Chuma kilikuwa cha namna ile ile. Mivunjiko ilikuwa 118. Wastani wa ile jumla ulishuka kutoka milimita 25 hadi 20, na parafujo zilizopasua kichwa zikashuka kutoka 16 hadi sifuri. Hapakununuliwa kitu. Watu waliambiwa tu kwamba watapimwa, nao wakapima.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili, na si ya kitabuni. Shangazi yangu, mkazi wa Mbagala, alianguka alfajiri akitia udhu, akavunjika vinundu. Siku tatu alikandwa nyumbani kwa maji ya moto, kosa ambalo ni letu sisi jamaa zake. Hospitali tuliyompeleka, ambayo sitaitaja, ilimlaza siku tisa mguu ukining’inizwa uzito, ilhali sisi tukizunguka kuchangishana fedha na kutafuta chupa mbili za damu. Na siku ya kumi akafungwa parafujo moja yenye bamba, akapigwa picha moja, ya mbele, ambayo ilimfurahisha kila aliyeitazama, kwa kuwa parafujo ilionekana imelala pazuri. Mwezi wa tatu akaanza kulia usiku. Tulipompeleka kwingine, tabibu mmoja kijana aliichukua picha yetu ya zamani akaibandika kwenye taa, akatoa rula ya plastiki katika mfuko wa koti, kama rula ya mtoto wa darasa la tatu, akapima, akahesabu pembeni mwa karatasi.

“Mzee wangu,” akaniambia, “hii ya mbele peke yake ni 19. Ya ubavu hata ikiwa 10 tu, tumekwisha kuvuka. Iko wapi ya ubavu?”

Haikuwako, kwa kuwa haikupigwa. Picha mpya zikapigwa, mbili, na ile ya ubavu ikaonyesha ncha imejitokeza mbele ya kichwa ndani ya kiungo, ikisaga kikombe kila anapogeuka kitandani. Akafanyiwa upasuaji wa pili, akawekewa kiungo bandia, kwa gharama iliyomaliza kiwanja cha familia. Simlaumu aliyempasua mara ya kwanza kwa mkono wake, maana sijui alikuwa na mashine gani siku ile wala wagonjwa wangapi walikuwa wakimngoja nje ya mlango. Namlaumu kwa kutopima, na ninailaumu hospitali ambayo haikumtaka apime.

Najua nitajibiwa kwamba vifaa ni haba. Dar es Salaam, kwa sensa ya mwaka 2022, ina watu 5,383,728, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, haiutumikii mji huu peke yake bali nchi nzima, ikipokea rufaa kutoka kila pembe. Mtu wa Chamazi au wa Bunju hupita foleni mbili, ya barabarani na ya wodini, kabla ya kufikiwa na kisu. Kungoja nako kuna dhara lake. Jaribio la HIP ATTACK, lililofanyika katika nchi 17 likatangazwa mwaka 2020, lilibishana kama mgonjwa wa nyonga apasuliwe baada ya saa 6 au baada ya saa 24. Sisi tulimngojesha shangazi siku tisa. Hayo yote ni kweli, wala siyapingi.

Hata hivyo MOI yenyewe inatufundisha kwamba uhaba si udhuru wa kutoandika. Wapasuaji wake wamekuwa wakitumia msumari wa SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 katika mji wa Richland, Marekani, na tabibu Lewis Zirkle, ambaye alipata kuwa mpasuaji wa jeshi katika vita vya Vietnam. Msumari huo hukaa ndani ya uboho wa fupa, nao ulibuniwa makusudi kwa hospitali zisizo na eksirei ya chumba cha upasuaji: kipo kifaa cha kulengea kinachomwongoza tabibu mahali pa kutoboa, na ipo pia namna yake mahususi kwa nyonga. Kinachonivutia zaidi ni malipo. Hospitali haitozwi fedha. Hutakiwa itume picha za kila mgonjwa, za kabla na za baada, katika daftari la pamoja ambalo wataalamu wa mbali huweza kulitazama na kukosoa, kisha hupelekewa misumari mingine badala ya iliyotumika. Yaani bei ya chuma ni picha. Sijapata kusikia biashara yenye adili kuliko hiyo.

Basi ninalolitaka kwa hospitali zetu za rufaa za mikoa, Temeke, Mwananyamala, Amana na nyinginezo, si kwamba zichague baina ya parafujo tatu na moja. Hilo waachiwe wapasuaji, ambao wataamua kwa umri wa mgonjwa, kwa mahali pa mvunjiko na kwa chuma kilichopo kabatini. Ninalotaka ni kwamba mgonjwa yeyote wa nyonga asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya kupigwa picha mbili, na kwamba pale chini ya maelezo ya upasuaji liandikwe jambo moja kwa wino: kwa parafujo moja, ile jumla ya milimita, kwa parafujo tatu, kama meno yote yamevuka mstari na kama kuta zimeegemewa. Wizara ya Afya ikitaka kutumia fedha, na itumie kwanza kwa mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji katika kila hospitali ya rufaa, pamoja na fundi wa kuitengeneza ikiharibika, kabla ya kuleta vyuma vya fahari. Lakini rula haingoji bajeti.

Na wewe msomaji, ambaye leo au kesho utaketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji ukingoja habari za mama yako, ukiambiwa kwamba ametoka salama, mshukuru Mungu, mshukuru tabibu, kisha umwombe picha mbili, ya mbele na ya ubavu, umuulize kwa adabu ncha imekaa milimita ngapi. Ukishazipata usizitie chini ya godoro zikakunjamana. Zitie katika bahasha, andika tarehe juu yake, na uende nazo kila siku ya kliniki.